Sanduku Lisilouliza

Alikozaliwa sikujui. Ukoo wake siujui. Na hata ningeujua nisingeuandika, kwa sababu katika mitaa yetu mtu akikuona tu huanzia hapo: wewe ni wa nani, nyinyi ni wa wapi, na huyu mtoto baba yake yuko wapi. Swali hilo limenichosha. Kwa hivyo huyu mzee ataingia humu bila ukoo, kama alivyoniacha mimi nipite mlangoni pake na mtoto mgongoni bila kuniuliza wangu.

Tulimwita Mzee wa Masanduku. Majirani wengi pale Kaloleni walidhani ni seremala. Mama mmoja aliwahi kumpelekea stuli iliyovunjika mguu. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama chini, akamrudishia na kumwambia kwa adabu zote kwamba yeye mbao hazijui. "Sasa hayo masanduku unatengeneza kwa nini?" mama akauliza. Mzee akajibu, "Kwa penseli." Mama yule alitangaza nyumba hadi nyumba kwamba mzee amerukwa na akili.

Mimi nilijua, kwa sababu tulifanya kazi ofisi moja. Ilikuwa mjini, na kazi yetu ilikuwa kuyapigia hesabu mashirika ambayo hayakuwa na kompyuta zao. Wanaume waliandika programu kwa penseli kwenye karatasi zenye vyumba vyumba. Sisi wasichana tuliotoka Fomu Foo, kidato cha nne, tulikaa safu moja tukizichapa karatasi hizo kwenye mashine zilizotoboa matundu kwenye kadi, kisha kompyuta ikasoma matundu. Mwandiko wa wanaume wengi ulikuwa wa kuku. Wa Mzee ulikuwa kama umepigwa rula: sifuri kaipitishia mstari isije ikadhaniwa ni O, moja kaivisha kofia. Tuligombania karatasi zake. Nilichojifunza pale nilijifunza hivyo, kwa kuchapa mawazo ya mtu mwingine mpaka vidole vikayazoea.

Nieleze masanduku. Kila kijana pale ofisini akipewa programu ya kuandika alianza kwa kujitengenezea foleni yake. Wa mishahara ana foleni ya mishahara, wa bili za maji ana foleni ya bili. Foleni ni foleni, aliyetangulia kuingia atangulie kutoka, lakini kila mmoja aliiandika upya, na kila mmoja akaikosea kwa namna yake. Mzee aliona huo ni ujinga. Akataka ofisi iwe na maktaba: foleni moja, rundo moja, kabati moja la kutafutia kitu kwa ufunguo wake. Ziandikwe mara moja, zisafishwe, kisha yeyote azichukue na kutia humo chochote. Na ili yeyote aweze kutia chochote, sanduku halikutakiwa kujua limebeba nini.

"Niambie kitu chako kina ukubwa gani," alikuwa akiwaambia vijana, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye sanduku, "na unionyeshe nitajuaje kipi kinatangulia kingine. Zaidi ya hapo sitaki kujua."

Sanduku likishajua kilichomo, alisema, limekuwa la mtu mmoja. Na tena: kinachouliza sana hakitumiki mara mbili.

Maneno hayo niliyapenda kabla sijayaelewa. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, nyumba iliyopakana na ya Mzee, ukuta mmoja. Nilihamia pale na mtoto mchanga. Kwetu sisi Wakikuyu kuuliza jina la mtoto si salamu tu. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Akiwa na jina la mama ya mama yake, msikilizaji ameshajua kwamba baba hayupo, na hana haja ya kuuliza la pili. Wanawake pale mferejini waliniuliza kwa sauti tamu, kamtoto kazuri, kanaitwa nani, na nilipowajibu niliziona nyuso zao zikifunga hesabu. Niliwajibu vibaya baada ya hapo, sikatai. Nikikutana nao leo nitawajibu vibaya tena.

Mzee hakuuliza. Jina alilisikia kupitia ukutani, maana mimi ni mtu wa sauti na nilikuwa nikimwita mtoto tangu alfajiri. Lakini mdomoni mwake halikupita. Kila mwanamke Kaloleni aliitwa kwa jina la mwanawe, mama fulani, mama fulani. Mimi kwake nilikuwa Mama, basi. "Mama, hujambo." "Sijambo, Mzee." "Haya." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu asubuhi zote, na hakuna mtu mwingine wakati huo aliyeniheshimu kiasi hicho.

Ila nyumba yake ilikuwa kinyume cha mafundisho yake. Mtu anatengeneza masanduku ya kupokea chochote, na kwake hapapokewi yeyote. Kikombe kimoja, sahani moja, kiti kimoja. Siku niliyoingia kumrudishia panga alilotuazima alinipa kiti, akasimama nyuma yangu, tukawa kama watu waliokwenda studio kupigwa picha ya arusi. Chai nilikunywa mimi kwanza. Akasuuza kikombe, akajimiminia.

Kwenye rafu alikuwa na mikebe ya aina moja, ukubwa mmoja, haina alama hata ya chaki. Sukari, chumvi, majani ya chai, misumari. Nikamuuliza anajuaje upi ni upi.

"Mkebe hauna haja ya kujua."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye ninayekumbuka."

Siku hiyo hakukumbuka. Chai ilikuwa ya chumvi. Yangu niliitema mlangoni. Yeye, zamu yake ilipofika, aliinywa yote polepole, akafuta mdomo, akasema haina ubaya.

Ijumaa alivaa kanzu na kofia, akaenda msikitini na wenzake, lakini wenzake walirudi makundi makundi na yeye alirudi peke yake, nyuma yao, kana kwamba barabara ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu upande huo. Sikukuu majirani Waislamu walimpelekea pilau kwenye sahani iliyofunikwa. Alishukuru sana, akahamishia kwenye sahani yake, akaiosha ile nyingine na kuirudisha ingali na joto, isije ikawa sababu ya mtu kuja kuifuata. Mimi nilimwona na sikumcheka. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa nikifunga mlango mchana kweupe ili mtu asije kunipa pole.

Na kuna habari ya akala. Jumamosi moja nilimkuta sokoni Kariokor akibishana na fundi wa viatu vya matairi. Mzee alitaka viatu viwili vya umbo moja kabisa, kila kimoja kiingie mguu wowote, ili akiamka asiwe na haja ya kuchagua. Fundi aliweka kisu chini. "Mzee, hii kazi nimeifanya tangu sijaota ndevu. Hata tairi linajua liko upande gani wa gari." Waliokuwa wakingoja walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mzee alingoja wamalize, akarudia maelezo yake yaleyale, akatengenezewa. Alivivaa miaka, vidole vidogo vikichungulia nje pande zote mbili.

Sasa nifike kwenye kilichoniuma.

Yule mjane mwenye nyumba alikuwa na mwana anayetaka kuoa, na bibi arusi angeingia kwenye chumba changu. Aliniambia mapema, sina neno naye. Mimi sikuogopa, kwa sababu nilikuwa nimejiandikisha kupata nyumba kwenye shirika moja, silitaji, tangu nikiwa na mimba. Nilikuwa nimekaa kwenye foleni hiyo mpaka walio mbele yangu walikuwa wachache. Nyumba yenye mlango wangu. Jiko langu. Mtu akija kuuliza, nimfungie.

Shirika hilo likaleta foleni yake ofisini kwetu iingizwe kwenye kompyuta. Vijana wawili wakapewa kazi hiyo, na kwa mara ya kwanza wakakubali kutumia maktaba ya Mzee, foleni yake na kabati lake. Mzee alifurahi mpaka akaja kazini na tai. Vijana walipofika kwenye ufunguo, yaani kila mwombaji atatafutwa kwa kitu gani, wanaume walikuwa na kitambulisho chenye nambari, lakini wanawake wengi wakati huo hatukuwa nacho. Wakasema basi, jina linatosha.

Siku niliyokwenda kuulizia nafasi yangu, karani alifunua karatasi ndefu ya kompyuta, akaniambia nina mume dereva, nina watoto wanne, na nimejiandikisha juzi juzi tu. Nikamwambia sina mume, na mtoto ni huyu hapa mgongoni.

"Mama," akasema bila kuinua uso, "kompyuta inakujua kuliko unavyojijua."

Watu wa laini wakacheka. Nilishika ukingo wa dirisha lake kwa mikono yote miwili nisije nikamfikia.

Aliyeolewa na dereva ni binamu yangu. Baba zetu ni ndugu. Sisi sote ni wasichana wa kwanza, kwa hivyo sote tumepewa jina la nyanya yetu, Nyambura, na sote tunabeba jina la babu, Mwangi, ambalo baba zetu waliandikishwa nalo shuleni. La ubatizo lilifupishwa kwa herufi moja ili kuokoa nafasi kwenye kadi. Mimi ni Margaret, yeye ni Mary. M. Nyambura Mwangi na M. Nyambura Mwangi. Kadi yake ilipoingia, kabati la Mzee likaona ufunguo uleule, likanitoa mimi, likamweka yeye, likanyamaza. Binamu yangu hana kosa, hata hakujua. Nami nikauliza fomu niliyojaza iko wapi, nikaambiwa za zamani zilitupwa kompyuta ilipofika.

Nilimfuata Mzee jioni ile ile, kabla sijamshusha mtoto.

"Sanduku lako limenitoa kwenye foleni."

Nikamweleza yote, na nilieleza kwa sauti, hata mjane alitoka nje akasimama na ufagio. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Lilifanya lilivyopangwa," akasema. "Ufunguo uleule, basi ni mtu yuleyule amekuja kusahihisha habari zake. Ufunguo waliuchagua wao."

"Mzee, wewe huna binamu?"

Akamtazama mjane na ufagio wake.

"Nakuuliza. Mtu asiye na binamu ndiye tu anaweza kufikiri jina moja ni mtu mmoja. Hata huko msikitini kwenu, ukisimama nje ukaita Ali bin Salim, wataitika wangapi?"

"Wengi."

"Basi lingeuliza. Likishakuta mtu ndani, kabla halijamtupa, lingeuliza."

Alitazama akala zake. "Likianza kuuliza," akasema, "kila atakayelitumia atalazimika kulijibu. Hawatalitaka tena."

"Wasilitake."

Nikaingia kwangu nikafunga mlango. Sikumwamkia kesho yake wala siku zilizofuata. Kumpa haki yake, hakujitetea tena, na hakuja kuomba msamaha kwa maneno. Nilimsikia tu upande wa pili wa ukuta akitembea kutoka rafu hadi dirishani, dirishani hadi rafu, hatua za mtu aliyevaa viatu viwili vya mguu mmoja.

Jumatatu nilikuta karatasi zake kwenye trei yangu. Kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vikiyajua masanduku yale, nilijua mara moja alipobadilisha. Mistari michache tu, kwenye kabati. Kabla ya kumtoa wa kwanza, lisimame. Lisiendelee mpaka lijibiwe. Na lichape maneno, na maneno hayo aliyaandika kwa herufi kubwa, zilizonyooka kama kawaida yake: UFUNGUO HUU UNA MWENYEWE. NI YEYE AU NI MWINGINE? Kila ujumbe wa mashine ile ulikuwa wa Kiingereza. Huo peke yake ulikuwa wa Kiswahili. Niliuchapa kwa nguvu mpaka msichana wa mashine ya pili akaniuliza kama hiyo yangu imenitukana.

Waombaji wapya walipoletwa, sanduku likasimama. Likauliza, likajibiwa, likaendelea, likasimama tena. Akina Ali, akina Wanjiru, akina Otieno, kila mmoja na wajina wake. Kazi ya asubuhi moja ikala wiki. Vijana walimkasirikia. "Buda," mmoja alimwambia mbele yetu sote, "sanduku lako siku hizi linauliza maswali kama karao wa kituo cha polisi." Mzee akasema ni kweli, linauliza. Mkubwa wa ofisi hakutaka mashine ya bei ile isimame ikingoja mtu akumbuke binamu zake. Akaamuru maktaba iondolewe. Vijana wakarudi kujiandikia kila mmoja foleni yake, na kila mmoja akaikosea kwa namna yake, kama zamani.

Kinachouliza sana hakitumiki mara mbili. Lake lilitumika mara moja.

Nataka ieleweke nilivyokasirika, na bado nimekasirika. Sikumkasirikia tu yeye. Ofisi nzima ile, wanaume wenye tai na vikombe vyao, waliliona sanduku likiwaambia kila dakika kwamba kuna mtu humu ndani mnataka kumtupa, na neno walilopata kusema ni kwamba linachelewesha. Shirika nalo likatangaza kwamba aliyepoteza nafasi aje ajiandikishe upya. Nyuma. Nikaenda nyuma. Mwana wa mjane akaoa, ngoma zikapigwa, nami nikabeba beseni na godoro nikahamia chumba kimoja nyuma ya mahakama ya Makadara, ambako niko mpaka sasa. Siku ya kuhama Mzee alikuwa amesimama mlangoni pake. "Mama," akasema. Sikuitika.

Baadaye kadi zikaisha, wakaleta mashine zenye vioo kama televisheni. Nilibaki, nikajifunza hizo nazo. Mzee alistaafu kabla hazijafunguliwa kwenye makasha. Vijana walimchangia saa ya ukutani, na nakumbuka nilifikiri, watu hawa hawajui kwamba nyumbani kwake tayari iko moja, na kitu cha pili hakina nafasi.

Juzi nilikwenda Kariokor na mtoto kumtafutia mkoba wa shule. Nikamwona kwa fundi yule yule, amekaa kwenye stuli ya wateja, mguu mmoja mtupu, fundi anampigilia ukanda. Amekonda. Akala ni za umbo lile lile. Ningeweza kupita, watu walikuwa wengi. Yeye ndiye aliyeniona. Akainuka, akanisogezea stuli, akasimama kwa mguu mmoja kwenye vumbi.

"Mama, hujambo."

"Sijambo, Mzee."

Nikangoja ile "haya" yake niende zangu. Haikuja.

"Nyumba ulipata?"

Katika miaka yote hiyo lilikuwa swali la kwanza kuniuliza. Nilikuwa na maneno mengi nimeyaweka tayari kwa ajili ya mtu yeyote atakayeniuliza hivyo, na makali. Nikasema, "Sikupata."

Akatikisa kichwa. Hakusema pole. Fundi aliacha kugonga, akajifanya anatafuta msumari. Mzee akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amesimama na soksi za shule zimeshuka, akiyatazama matairi.

"Huyu anaitwa nani?"

"Unalijua jina lake. Ulikuwa ukilisikia ukutani kila siku."

"Nimelisikia," akasema. "Sijaambiwa."

Kwa mazoea nikageuka kuona nani anasikiliza. Nikangoja hasira ipande, ikachelewa.

"Wambui," nikasema. "Ni jina la mama yangu."

"Wambui." Alilitamka taratibu. Kisha akaniangalia mimi. "Mama Wambui."

Mtoto huyu hajafundishwa na mtu kunyamaza, na mimi simfundishi. Alimtazama Mzee kuanzia mguu mtupu hadi kofia. "Na wewe, babu, unaitwa nani?"

Fundi akacheka. Mzee hakucheka. Aliinama, akajishika kwenye bega la mtoto asianguke, akaweka mdomo karibu na sikio lake. Nilidhani itakuwa neno moja. Midomo yake iliendelea muda mrefu: nadhani alimpa lake, na la baba yake, na la babu yake, na wengine nyuma ya hao, na mtoto alisikiliza mdomo wazi, akiitikia kwa kichwa.

Jina lake mimi nalijua. Lilikuwa juu ya kila karatasi niliyochapa. Lakini aliyeuliza ni Wambui, na aliyeambiwa ni Wambui. Ndiyo maana halimo humu.